Siku Waliposema Marehemu Amekataa

Mwenyekiti wa vijana alinijia hapa nyumbani Amagoro na daftari jipya kwapani. Akaniambia, "Mzee Ekisa, tunakusanya mafunzo. Kila mzee anaandika vile Mungu alimfundisha kwa kazi yake. Mzee wa mashamba ameandika juu ya mbegu. Mama wa sokoni ameandika juu ya mizani. Wewe uliendesha gari la maiti miaka yote hiyo, lazima kuna kitu Mungu alikuambia."

Alichosema ni kweli, kipo. Lakini si kitu cha kusoma huku mnakunywa chai ya ushirika, na sitakipamba ili kiwafurahishe. Mkitaka mbegu na mizani, rudini kwa wale wengine.

Nimebeba maiti kutoka Busia kwa miaka ishirini na sita. Nimewapeleka Butula, Funyula, Nambale, Port Victoria, na wengine nimewapokea pale mpakani wakitoka Uganda na karatasi zao zikiwa na mihuri mingi kuliko waliyowahi kuwa nayo wakiwa hai. Aliyenifundisha ni Mzee Makokha, Mmarachi, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye hakuwahi kuvaa koti jeusi hata siku moja. Alisema waombolezaji wanatosha kuvaa nyeusi, dereva avae nguo ambayo haitaonyesha grisi.

Siku ya kwanza alinikalisha nyuma, pale jeneza linapowekwa, akaendesha gari mwenyewe kwenye barabara mbovu. Nilirushwa huku na huku mpaka kichwa kikagonga dirisha. Alipolisimamisha akaniuliza, "Umeumia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Wewe uko na mikono ya kujishikilia. Huyo tunayembeba hana. Basi shika breki mapema."

Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yake. Jeneza hufungwa mara tatu: kichwani, katikati, miguuni. Ukilifunga mara mbili, kwenye mlima litakuja mbele likusalimie. Dirisha la nyuma liache wazi upana wa kidole hata mvua ikinyesha. Beba gambuti zako, kwa sababu gari likikwama matopeni waombolezaji wote watakuwa wamevaa viatu vya Jumapili. Na usiulize mtu alikufa kwa nini. Utaambiwa mara nne kabla ya kufika, na mara zote nne itakuwa sababu tofauti.

Kisha kulikuwa na lile fundisho lingine. Hili ndilo lililonifanya nikubali daftari.

Kwetu huku, gari la maiti likizima njiani, hakuna anayefikiria injini. Watu wanashuka, wanatazamana, na mama mmoja mzee anasema, "Amekataa." Maana yake ni kwamba marehemu hataki kwenda. Kuna jambo linamuudhi. Basi watu wa kwao wanazunguka mlango wa nyuma na kuanza kumbembeleza. Wanamwita kwa jina lake la utotoni. Wanamwambia nyumbani wanamngoja, chakula kiko jikoni, ng'ombe wamefungwa. Kama kuna mtu aliyemkosea, huyo anasogea na kusema hadharani. Wakimaliza, dereva anajaribu tena, na gari likiwaka watu wanapiga vigelegele.

Makokha alinifunza hivi: "Gari ikizima, fungua boneti. Tikisa kichwa. Usiseme kitu. Ukisema ni filta, watauliza mbona hukuangalia filta asubuhi. Wakisema ni marehemu, hakuna mtu atauliza kitu. Wao waongee na mtu yao, wewe ongea na spana yako."

Na tulikuwa tunafanya hivyo. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, gari letu lilizima Marachi na mwili wa mzee mmoja mwenye wake watatu. Bomba la mafuta lilikuwa limepata ufa. Mimi na Makokha tulilala chini ya gari tukilifunga kwa mpira wa tyubu, tukisikia vilio juu yetu. Mara kijana mmoja, mpwa wa marehemu, akasema huku analia, "Mjomba, nisamehe, hii koti ni yako, niliitoa kwa sanduku hata haujapoa." Akalivua na kuliweka juu ya jeneza. Makokha akakaza fundo la mwisho, akatambaa, akawasha. Injini ikaitika. Watu walishangilia mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye miti. Sisi tulijizuia mpaka tukaacha mwili, halafu wakati wa kurudi tukacheka kutoka pale hadi Bumala, Makokha akipiga usukani kwa kiganja.

Nawaambia tulicheka kwa sababu ni kweli tulicheka. Haikuonekana kama dhambi. Koti limerudi kwa mwenyewe, watu wamepatana, gari linatembea, nani ameumia? Hata nilikuwa nikiona kuna neema ndani yake. Makokha alipofariki nilimbeba mimi mwenyewe hadi kwao Butula, na gari halikukohoa hata mara moja. Baada ya hapo ujanja wake ukabaki kwangu, nikautumia miaka mingi.

Sasa niwaambie habari za Egesa.

Egesa alikuwa mtu wa Namboboto, fundi wa baiskeli na pikipiki. Aliugua miezi mitatu, akafariki hospitalini. Mkewe aliitwa Taaka, mwanamke mwembamba, mnyamavu. Alikuwa amemuuguza peke yake hospitalini miezi yote ile, akilala kwenye kiti, watoto wake wawili wakiwa nyumbani kwa shemeji. Msichana alikuwa na miaka kama mitano. Mvulana alikuwa hajaanza kutembea sawasawa.

Asubuhi ile nilifanya kosa moja dogo la uvivu. Foleni kwenye kituo cha mafuta ilikuwa ndefu, na familia ilikuwa tayari inanisubiri mochari. Nikachukua dizeli kwa mtungi, ile inayouzwa kando ya barabara. Makokha alikuwa amenionya juu ya mitungi ile. Alisema dizeli ya mtungi uiweke kwanza kwenye chupa ya kioo, uisimamishe, uhesabu mpaka mia. Kama ina maji, maji yatashuka chini na utayaona. Mimi sikuweka kwenye chupa. Niliimimina moja kwa moja.

Tulitoka mjini vizuri, majani ya msiba yamefungwa mbele ya gari. Nyuma, kando ya jeneza, alikaa Taaka, kwa sababu mjane hukaa na mume wake. Pamoja naye walikaa shangazi ya marehemu na kaka mkubwa wa marehemu, Sanya. Wengine walikuwa kwenye lori lililotufuata. Tulipoacha lami tu na kushika njia ya udongo kuelekea Namboboto, nikasikia injini inakohoa. Dereva wa dizeli anajua kikohozi cha maji. Gari linavuta, linaacha, linavuta, linaacha, halafu linanyamaza kabisa. Ilikuwa kama saa tano, jua kali, na shamba la mihogo pande zote mbili.

Nilijua kilichotokea kabla sijatoa funguo. Nilijua hata mtungi wenyewe.

Nikashuka. Nikafungua boneti. Nikatikisa kichwa.

"Amekataa," shangazi akasema.

Watu wa lori wakaja. Wakaanza kumbembeleza Egesa. Mimi nikashughulika na kazi yangu. Nifafanue kwa ajili ya wale wanaopenda magari: chini ya filta kuna kikombe kidogo chenye skrubu. Ukiilegeza, maji yanatoka kwanza kwa sababu ni mazito kuliko dizeli. Ukiona dizeli safi unafunga. Halafu unapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, maana hewa ikibaki injini haiwaki. Ni kazi ya dakika kumi. Lakini siku ile maji yalikuwa mengi mno. Nilimwaga, nikapiga pampu, nikajaribu. Kimya. Nikamwaga tena, nikajaribu tena. Kimya.

Kila nilipojaribu na kushindwa, sauti za watu zilibadilika. Mara ya kwanza walibembeleza. Mara ya pili walianza kutafuta. Shemeji mmoja alisema samahani kwa maneno aliyowahi kusema, mwingine akasema lake. Kisha nikamsikia Sanya.

"Sisi wote tumesema. Kuna mtu mmoja hapa hajasema."

Taaka alikuwa bado ndani, ameweka mkono juu ya jeneza.

"Mama Nabwire," Sanya akamwita kwa jina la binti yake, "ongea na bwana yako."

"Niongee nini, shemeji? Nimeongea na yeye miezi tatu."

"Sema kile ulimfanyia."

"Nilimwosha. Nilimlisha. Sijui kitu ingine."

Shangazi akasema, "Mtoto wetu alikuwa na nguvu ya kubeba pikipiki. Akauguzwa na huyu peke yake, hakuna mtu aliona alikula nini. Sasa amekataa kubebwa na yeye. Ashuke!"

Mikono ikaingia ndani na kumshusha. Hawakumpiga. Walimshusha tu, lakini kiatu kimoja kilibaki ndani ya gari. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye injini, nikipiga pampu, na mapovu yakaisha. Nilihisi kwa kidole gumba kwamba pampu imekuwa ngumu. Ikishakuwa ngumu, hewa imeisha.

Vijana, hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Nilijua gari litawaka. Nilijua likiwaka wakati ule, huku mwanamke yule amesimama chini, itakuwa hukumu. Ningeweza kusubiri. Ningeweza kusema, "Wazee, tulieni, ni maji kwa dizeli, ni mimi niliweka." Maneno hayo hayafiki kumi na tano. Lakini wangeniuliza kwa nini nilibeba mtu wao kwa mafuta ya mtungi, na mwenye gari angesikia, na mimi nilikuwa dereva ambaye familia zote za Busia zilimtaja kwa sifa.

Nikapanda. Nikazungusha funguo. Injini ikawaka mara moja.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Walitoa sauti nyingine, sauti ambayo sijawahi kuisikia tena na sitaki. Sanya akapanda, akagonga ubavu wa gari, akasema, "Twende, dereva. Amejibu mwenyewe." Nikaingiza gia. Kwenye kioo nilimwona Taaka amesimama kando ya mihogo, mguu mmoja una kiatu na mwingine uko wazi. Hakulia. Alikuwa anatazama gari kama mtu anayesubiri lisimame.

Lori nalo lilimpita. Alitembea. Alifika kaburi likiwa limeshajazwa nusu. Alipoinama kuchukua udongo amtupie mumewe, wanawake wawili wakamshika mikono. Nililiona hilo pia. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai na sahani ya wali, maana dereva hulishwa kwanza. Nikashusha macho nikala. Kabla ya wiki kuisha walikuwa wamemfukuza. Watoto walibaki kwa Sanya, kwa sababu walisema ni watoto wa ukoo na hawawezi kulelewa na mtu aliyekataliwa na baba yao.

Mnajua hadithi ya yule nabii aliyemkimbia Mungu akapanda meli, dhoruba ikaja, mabaharia wakapiga kura kumtafuta mwenye kosa. Tumeisikia tangu shule ya Jumapili, na kila mara tunamcheka yule mtu kwa kujificha na kulala. Lakini alipoamshwa alisema kosa ni langu, nitupeni mimi. Mimi sikulala. Nilikuwa macho, nikawaacha wamtupe mtu mwingine baharini, kisha nikashika usukani.

Baada ya kama mwezi mmoja, Taaka alinijia. Alinikuta uwanjani nje ya mochari nikipangusa vioo. Alisimama mbali kidogo, akiwa na mfuko wa nailoni.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Ni wewe ulikuwa unaendesha. Umebeba watu wengi, unajua hii mambo. Nataka uniambie. Ni kweli alinikataa?"

Aliniuliza kama anavyoulizwa daktari. Sikuona hasira wala mtego. Alikuwa ameanza kuamini, na alikuwa amekuja kwangu kama mtu wa mwisho anayeweza kumwambia sivyo. Watu wa kwenda na kurudi mpakani walikuwa wanapita, hakuna aliyetujali, hakuna aliyekuwa anasikiliza. Isingenigharimu chochote.

Nikamwambia, "Mambo ya wafu ni ya Mungu, mama. Wewe omba tu."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema asante. Akaondoka.

Nimefanya makosa mengi kazini. Niliwahi kupeleka mwili kijiji kisicho chake kwa sababu ya majina kufanana, nikakimbizwa na mbwa. Niliwahi kusahau kufunga mlango wa nyuma. Hayo nasimulia na kucheka. Lakini lile jibu, lenye jina la Mungu ndani yake, ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya, na nililifanya nikiwa mzee wa kanisa.

Miaka ikaenda. Magari yakabadilika. Sasa yana taa ndogo inayowaka maji yakiingia kwenye mafuta, na mengine yana jokofu na vipaza sauti. Magoti yangu yakakataa kupanda na kushuka, nikastaafu. Na kanisani nikawa maarufu kwa ushuhuda mmoja. Baadhi yenu mmeusikia. Nilikuwa nasimama na chupa ya kioo yenye dizeli na maji, naitikisa, halafu naiweka juu ya meza mpaka maji yanashuka chini. Nasema, "Ndugu zangu, moyo uko hivi. Juu unaonekana safi. Maji yako chini. Usipoyamwaga, siku moja utazima njiani." Watu wanasema amina. Na ili kuwachekesha, nilikuwa naongeza: "Na sisi madereva tulikuwa tunajua! Watu wanalia marehemu amekataa, kumbe ni maji tu kwa filta! Tunanyamaza, tunafungua skrubu!" Kanisa lote linacheka. Nilikuwa nimegeuza dhambi yangu kuwa mfano, na mfano kuwa kichekesho, na bado nilikuwa sijaiungama kwa mtu yeyote.

Miaka minne baada ya mazishi ya Egesa nilialikwa kanisa moja pale Malaba. Nilikubali upesi. Malaba ni mbali na Namboboto, na nilikuwa nimejiambia Taaka alirudi kwao ng'ambo, Uganda. Nikasimama na chupa yangu. Nikasema ya moyo, nikasema ya marehemu amekataa. Watu wakacheka, hata mchungaji akapangusa macho.

Katikati ya kicheko mwanamke mmoja akasimama upande wa nyuma. Alikuwa amevaa aproni ya hoteli, maana alikuwa ameponyoka kazini kuja kuabudu. Mikono yake ilikuwa imepauka kwa sabuni. Nilimtambua kwa jinsi alivyosimama, kabla ya sura.

"Mzee," akasema, "na ile siku yetu? Ilikuwa maji?"

Kanisa likanyamaza kidogo kidogo, safu kwa safu, wale wa mbele wakigeuka kutazama.

"Nilikuja nikakuuliza," akaendelea. "Ukaniambia mambo ya wafu ni ya Mungu. Sasa naomba uniambie mbele ya hawa watu. Ilikuwa maji?"

Nilitazama mchungaji kana kwamba ni yeye aliyeulizwa. Hata pale, vijana, hata pale nilitafuta mlango. Nilifikiria kusema sikumbuki, na nani angekataa? Mzee husahau. Lakini chupa ilikuwa pale juu ya meza, maji yameshuka chini, na macho ya watu yalikuwa yanatoka kwenye chupa yanakuja kwangu.

Nikasema, "Ilikuwa maji."

"Ulijua?"

"Nilijua kabla sijashuka kwa gari. Nilitia mwenyewe."

Nilidhani atanitukana. Alishika mgongo wa kiti kilicho mbele yake na akasema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu alisikia, "Basi hakunikataa. Na mimi nimemchukia miaka minne. Sikumlilia. Nilisema kama umenikataa mbele ya watu, na mimi nakukataa." Kisha ndipo akalia, na wanawake wakamzunguka. Mimi nikabaki peke yangu pale mbele na chupa.

Jumamosi iliyofuata mchungaji alinikopesha gari lake, nikampeleka Taaka Namboboto. Sijidai kwa hilo. Yeye ndiye aliyesema, "Utanipeleka, na utawaambia wao vile umeniambia." Alikaa kiti cha nyuma. Tulipopita lile shamba la mihogo nilipunguza mwendo bila kujua, naye akasema, "Endesha."

Sanya alitupokea nje, akaleta viti, kwa sababu mgeni ni mgeni. Shangazi alikuwapo, amezeeka sana. Nikasimama nikasema yote: mtungi, filta, skrubu, pampu. Nikasema Egesa hakumkataa mtu yeyote. Nikasema mwenye kosa ni mimi.

Sanya akanisikiliza ameinamisha kichwa. Halafu akaniuliza, "Mzee, ulikuwa wapi miaka minne?"

Nikarudia tu kwamba ilikuwa maji.

"Hata kama ni maji," akasema, "mbona iliisha wakati yeye ameshuka? Na tena leo mnakuja na gari ya kanisa. Watu watasema amekununua. Ungesema siku ile, ningekuamini siku ile. Sasa hii maneno yako nitaiweka wapi?"

Alikuwa mkali, lakini hakusema uongo. Nilikuwa nimefikiri ukweli ukishasemwa unafanya kazi yenyewe. Hapana. Nao unaharibika ukikaa. Ungeokoa nyumba ya mtu asubuhi ile pale barabarani. Miaka minne baadaye ulikuwa maneno tu ya mzee aliyestaafu.

Watoto waliitwa. Msichana alimjua mama yake, akaja akasimama karibu naye bila kumgusa, akitazama kama shangazi anakubali. Mvulana alijificha nyuma ya gauni la mke wa Sanya na kumwambia, "Mama, huyu ni nani?"

Taaka alisikia. Aliuliza tu kama anaweza kwenda kaburini, na Sanya akanyoosha mkono kuonyesha njia, ingawa yeye aliijua. Nyasi zilikuwa zimeota. Akapiga magoti, akazing'oa kidogo, akachukua udongo kwenye kiganja na kuuachia juu ya kaburi. Akaongea na mumewe kwa Kisamia muda mrefu. Sikusogea kusikiliza.

Kuhusu watoto, Sanya alisema ni mpaka ukoo ukae. Ninapoandika haya ukoo haujakaa. Nimeenda mara tatu kuomba wakae, na nitaenda tena goti likiniruhusu.

Sasa nawaambia ninyi, hasa wale wawili kati yenu mlioingia kazi hii. Najua ule ujanja bado upo. Nimewaona pale Busia mkifundishana na kucheka. Gari likizima, shukeni mseme ni gari. Semeni pale pale, boneti bado ni la moto, hata kama mtaaibika, hata kama mtafukuzwa kazi. Na mkisimama kanisani na mfano mzuri kutoka kazini kwenu, jiulizeni kwanza mfano huo ulimgharimu nani. Mimi ile chupa nimeivunja.

Jioni ile nilimrudisha Taaka Malaba. Nilisimamisha gari mbele ya hoteli anakoosha vyombo, nikazima injini, nikamgeukia. Nikamwomba msamaha. Nilisema mengi, nikaingiza na maneno ya kanisani, kwa sababu mdomo wangu umezoea. Alinisikiliza mpaka nikamaliza kabisa.

"Mungu atakusamehe haraka, mzee," akasema. "Yeye hakuachwa pale barabarani. Mimi bado."

Akafungua mlango, akashuka, akaenda kazini.